"Kujiunga" na WTO maana yake nini? Tuitazame China

Neno "kujiunga" linapotosha kidogo. Ukijiunga na chama cha kuweka na kukopa, unajaza fomu, unalipa kiingilio kinachojulikana, basi. Shirika la Biashara Duniani, WTO, halina kiingilio kilichobandikwa ukutani. Kifungu cha 12 cha mkataba wake kinasema tu kwamba mwombaji ataingia kwa masharti yatakayokubaliwa kati yake na shirika. Bei, kwa maneno mengine, ni ya kupatana, na wanaoipanga ni wale waliokwisha kuingia.

Kikundi kazi kule Geneva hupekua sheria za mwombaji: ushuru, ruzuku, mashirika ya umma. Wakati huohuo mwanachama yeyote anaweza kuketi naye pembeni na kudai nafuu kwa bidhaa zinazomhusu. Na hapa ndipo penye utamu: kwa kanuni ya taifa linalopendelewa zaidi, nafuu aliyoipata mmoja hupewa wote. Marekani ikibana mpaka ushuru wa magari ukashuka, Mjapani naye anafaidi bila kufungua mdomo.

China ilianza na ubishi wa neno. Mwaka 1947 ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizoasisi GATT, mkataba uliotangulia WTO, lakini serikali ya Chiang Kai-shek, ikiwa imeshindwa na Wakomunisti walioshika Beijing na kukimbilia kisiwa cha Taiwan, ikajitoa mwaka 1950. Beijing ilipopiga hodi Julai 1986 haikuomba kujiunga, iliomba kurejeshewa nafasi yake. Anayerudi kwake hadaiwi kiingilio. Hesabu nzuri, ila wenzake hawakuinunua, na WTO ilipoanza mwaka 1995 China ilikuwa bado nje, ikalazimika kuomba kama mgeni.

Aprili 1999 Waziri Mkuu Zhu Rongji alikwenda Washington na nafuu nyingi mkononi. Rais Clinton akasita kutia saini, kisha Wamarekani wakachapisha orodha ya yale ambayo, kwa madai yao, China ilikuwa imeyakubali. Kwa mtu anayepatana bei hilo ni pigo: kiwango chako kimetangazwa sokoni na mzigo hujapewa. Mwezi uliofuata mabomu ya NATO, muungano wa kijeshi unaoongozwa na Marekani, yakapiga ubalozi wa China mjini Belgrade, mazungumzo yakasimama. Hata hivyo, Novemba 15 mwaka huohuo pande mbili zilitia saini Beijing. Umoja wa Ulaya ukafuata Mei 2000, na Mexico ikafunga dimba Septemba 2001.

China ikawa mwanachama Desemba 11, 2001, kwa bei kali. Mojawapo ya masharti: kwa miaka 15 wengine waliruhusiwa kutoihesabu kuwa nchi ya uchumi wa soko katika kesi za bidhaa zinazouzwa nje kwa bei ya kutupa.

Kwetu mambo yalikuwa mepesi. Tanganyika (1961), Uganda (1962) na Kenya (1964) ziliingia GATT bila kupatana na mtu, kwa kudhaminiwa na Uingereza, maana koloni lililopata uhuru liliruhusiwa kupita mlango huo.

Taiwan nayo ilikuwa ikiomba tangu 1990, ila ilikubaliwa kwamba isitangulie Beijing. Doha, Novemba 10, 2001, mawaziri waliidhinisha China. Taiwan ikaidhinishwa kesho yake, si kwa jina la nchi bali kama eneo la forodha la Taiwan, Penghu, Kinmen na Matsu.