Mfupa wa Kichwa cha Mtoto: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Mtoto akiumia kichwa na ubongo ukavimba sana, daktari anaweza kuondoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi. Mzazi anarudi nyumbani na mtoto aliye hai, lakini kichwani pana sehemu laini inayodunda, pengo ambalo huzibwa baadaye kwa upasuaji mwingine. Hapo maneno ya watu huanza.

"Kile kipande kimetupwa." Mara nyingi hakijatupwa. Penye friza maalumu huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Pasipo nayo hushonewa chini ya ngozi ya tumbo la mtoto mwenyewe. Mama akikuta mshono tumboni bila kuambiwa atahisi mwanawe ametolewa kiungo, na simlaumu. Aelezwe mapema.

"Mfupa wake mwenyewe hauna shida." Hapa ningeomba wazazi wasikilize kwa makini. Ni kweli madaktari wengi huanza nao kuziba pengo: unalingana nalo, hauna gharama ya kununua, na ukishika huwa sehemu ya fuvu. Lakini mwili wa mtoto, kuliko wa mtu mzima, unaweza kuumeng'enya mfupa huo kidogo kidogo, hadi ukawa mwembamba na kulegea. Baadhi ya tafiti zimeona hali hiyo kwa nusu ya watoto. Haitokei kwa siku moja, inachukua miezi. Kwa hiyo kliniki isikatishwe kwa sababu kidonda kimepona. Ukipapasa ukahisi pamebonyea au panacheza, mrudishe.

"Titani itashika kutu." Titani ni metali ya kutengenezea bamba la kuziba pengo badala ya mfupa. Haishiki kutu, na mwenye bamba hilo anaweza kupigwa picha ya MRI, ile inayotumia sumaku. Tatizo lake ni jingine: haikui. Kufikia miaka 2 ubongo umeshafika takriban asilimia 80 ya ukubwa wa utu uzima, kwa hiyo bamba la mtoto wa miaka 10 si sawa na la mtoto wa mwaka 1, ambaye kichwa chake bado kinapanuka kwa kasi. Saruji ya mifupa, unga unaokandwa ukaganda na kuziba pengo, ni nafuu, ila nayo haikui. Kwa mtoto mkubwa kidogo, daktari anaweza kupasua kipande cha fuvu kisicho na jeraha katika tabaka mbili na kuziba pengo kwa moja; fuvu la mtoto mchanga ni jembamba mno kwa kazi hiyo.

"Tungoje akue kwanza." Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 kungoja kuna maana, kwani utando mgumu unaofunika ubongo bado unaweza kuotesha mfupa, na pengo dogo likajifunga. Baada ya miaka 2 uwezo huo hupungua sana. Hapo kinachongojwa ni uvimbe kushuka na kuwa na hakika kwamba hakuna maambukizi: wiki kadhaa au miezi michache. Akiachwa miaka, ngozi inaweza kudidimia ndani ya pengo, akapata maumivu ya kichwa na kizunguzungu.

Wakati wa kungoja avae kofia ngumu anapotembea na kucheza, asilalie upande ule. Pakivimba au kutoa usaha, akipata homa, akitapika au kupata degedege, apelekwe hospitali siku ile ile.