Njumu ya vito: opali na feruzi ndani ya fedha

Ukimtajia kijana njumu leo, atafikiria viatu vya mpira vyenye meno chini. Mzee wa pwani atafikiria kitu kingine kabisa: bakora, kitako cha bunduki, au kiti ambacho fundi amekichimba mbao zake, akatia ndani vipande vya fedha au shaba, kisha akasugua mpaka mbao na madini vikawa uso mmoja. Hiyo ndiyo njumu ya zamani, na ndilo neno ninalolichukua hapa kueleza pete, bangili na vidani vilivyojazwa vipande vya opali na feruzi. Kazi ni ileile, ila hapa penye mbao pana fedha, na kinachotiwa ndani ni jiwe.

Vito vya njumu, basi, ni vile ambavyo jiwe limezama ndani ya madini mpaka uso wake ukalingana na uso wa madini. Katika pete ya kawaida jiwe hukaa juu, likashikwa na vikucha au na ukingo mwembamba wa fedha uliokunjiwa pembeni mwake. Katika njumu jiwe halijakalia kitu. Limeingia. Kipimo changu ni ukucha: pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kutoka ukingo mmoja wa pete hadi wa pili, juu ya fedha, jiwe, fedha, jiwe. Ukisita popote, hata kidogo, kazi haijaisha.

Kuna njumu za namna mbili. Moja ina kuta: fundi analehemu vipande vyembamba vya fedha vikiwa vimesimama juu ya bamba, vinafanya vyumba vidogo, na kila chumba kinapata jiwe lake. Nyingine haina kuta ndani, jiwe linapakana na jiwe lenzake bila chochote katikati zaidi ya gundi. Hii ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ukuta wa fedha husitiri makosa madogo, lakini jiwe kwa jiwe ukikosea unene wa unywele unaonekana.

Kwa nini watu wakayaoza haya mawe mawili? Yanapendezana kwa sababu hayafanani. Feruzi ni rangi moja tulivu, mwanga hauipenyi. Jina lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, kwa kuwa Nishapur, huko Iran, ndiko kulikotoka feruzi iliyosifiwa kwa karne nyingi. Ni fosfati ya alumini na shaba yenye maji ndani yake. Shaba ndiyo inayoipa ubuluu, na palipo na chuma rangi huvutika kuelekea kijani. Ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo hunywa. Mafuta, sabuni, marashi, jasho, vyote huingia.

Opali nayo haikai na rangi moja. Geuza mkono kidogo, palipokuwa na nyekundu pana kijani, geuza tena pana zambarau. Ni silika, yaani kitu kilekile kilicho kwenye mchanga, pamoja na maji, na maji hayo mara nyingi ni kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito wake. Siri ya moto wake, yaani huko kuchezacheza kwa rangi, ilifumbuliwa na wanasayansi wa Australia mwaka 1964 kwa hadubini ya elektroni: ndani ya jiwe mna vitufe vidogo mno vya silika vilivyopangwa safu juu ya safu, kama machungwa mezani sokoni, na mwanga ukipita katika nafasi zilizo baina yake hugawanyika kuwa rangi. Mpangilio huo ukikosekana, opali haina moto. Kule Haneti, Dodoma, kuna opali ya kijani inayopata rangi yake kwenye nikeli. Ni jiwe zuri, lakini halichezi.

Uhusiano wa feruzi na njumu ni wa kale. Barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, mfalme wa Misri ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, imetiwa feruzi, lazuardi, akiki na vioo vya rangi. Wamisri walichimba feruzi yao Sinai. Lakini ukizungumza na masonara wanaofanya njumu ya feruzi na opali siku hizi, wengi watakuelekeza kusini-magharibi mwa Marekani, na wana haki. Katika magofu ya Pueblo Bonito, bonde la Chaco, New Mexico, wachimbuzi walikuta chura mdogo wa jiwe jeusi mwenye macho na ukosi wa feruzi, aliyetengenezwa mamia ya miaka kabla fedha haijajulikana huko. Ufuaji wa fedha ulikuja baadaye. Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, waliupata katika karne ya 19, na majirani zao Wazuni wakajifunza kwa Wanavajo miaka ya 1870, wakauunganisha na ustadi wao wa tangu hapo wa kukata mawe. Njumu ya kuta niliyoieleza juu ilistawi mikononi mwa Wazuni.

Kisa kimoja cha huko hunigusa kila nikikikumbuka. Katika miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, watu wa Kewa, kijiji ambacho Wahispania walikiita Santo Domingo, walikosa mawe meusi ya kuweka nyuma ya feruzi. Wakavunja sahani za santuri na maganda ya betri za magari, wakayakata, wakabandika juu yake vipande vidogo vya feruzi, wakatengeneza mikufu yenye umbo la ndege na kuwauzia wasafiri. Mikufu hiyo leo hutafutwa na wakusanyaji. Vifaa vilikuwa takataka, lakini mkono uliofanya kazi ulikuwa uleule. Naye Charles Loloma, sonara wa Kihopi, kabila jingine la wenyeji wa huko, aliyeishi kuanzia 1921 hadi 1991, alikuwa akitia njumu hata upande wa ndani wa bangili, unaogusa ngozi, ambapo anayejua kuna kito ni mvaaji peke yake.

Sasa tuingie mezani kwa fundi. Chukulia pete ya vyumba vitano, feruzi tatu na opali mbili.

Kazi ya moto hutangulia yote. Bamba la fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha halisi, linakatwa, kuta zinalehemiwa, pete inakunjwa na kufungwa, uchafu wa moto unatolewa kwa tindikali hafifu, na hapo ndipo taa ya kulehemia inazimwa. Jiwe likishaingia, moto haurudi. Nililipia somo hili. Nilikuwa na pete ya njumu iliyonibana, nikaipeleka kwa sonara mmoja anipanulie, naye akaipasha moto kama anavyopasha pete yoyote. Niliporudi jioni, opali ya katikati ilikuwa na nyufa kama tope lililokauka, na feruzi za pembeni zilikuwa zimefifia. Maji yaliyo ndani ya opali yakipata joto la ghafla hutafuta njia ya kutoka, na jiwe hupasuka. Pete ya njumu ipimwe vizuri kabla ya kutengenezwa, maana kupanua baadaye ni kung'oa mawe na kuanza upya.

Mawe hukatwa kwa msumeno wa almasi unaomwagiwa maji. Maji yanapoza jiwe na yanashika vumbi, na vumbi la mawe ni adui wa mapafu, kwa hiyo fundi makini huvaa barakoa hata akikata kwenye maji. Kipande kidogo cha jiwe hubandikwa kwenye ncha ya kijiti ili kishikike, kisha kinasagwa kwenye gurudumu: kidogo, kujaribu, kidogo tena, kujaribu. Hapa ndipo muda unapokwisha. Fundi anapaka wino kwenye kuta za chumba, anasukuma jiwe, anatoa, anatazama wino umeshika wapi. Palipopakwa ndipo panapogusa, na ndipo pa kusagwa. Ubavu wa jiwe huachwa ukipungua kidogo kuelekea chini, mfano wa kabari, ili likisukumwa likaze juu, kwenye uso utakaoonekana. Halafu anainua pete dirishani. Mwanga ukipenya kati ya jiwe na ukuta, jiwe hilo ni dogo mno, litatafutiwa chumba kingine.

Chini ya opali fundi huweka rangi nyeusi, au gundi iliyochanganywa na rangi nyeusi. Opali nyembamba hupitisha mwanga, na nyeusi iliyo nyuma yake inafanya moto wa jiwe uwake mara mbili. Feruzi haihitaji hilo. Gundi ni epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, na huachwa siku nzima ikauke. Mawe yanabaki yameinuka kidogo juu ya kuta, kama vichwa vya watu dirishani.

Kisha kusawazisha, na hapa ndipo ninapomtambua fundi. Opali na feruzi hukaribiana kwa ugumu, kati ya 5 na 6 na nusu katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanza 1 hadi 10, lakini fedha ni laini sana, haifiki hata 3. Ukisugua vyote pamoja kwa kitu laini, fedha hulika haraka, mawe yanabaki yamesimama, na ukucha unakwama. Ndiyo maana msasa wa mwanzo hulazwa juu ya kitu kigumu kilichonyooka, ambacho hakijali laini wala gumu, kinakata vyote kwa kimo kimoja. Halafu msasa wa 600, wa 1200, wa 3000, na maji wakati wote. Vumbi jeusi la fedha hupenda kujipenyeza kwenye vitundu vya feruzi na kuitia ukungu, kwa hiyo pete inaoshwa kila msasa unapobadilishwa. Mwisho ni ngozi yenye unga wa kung'arishia, oksidi ya seriamu, kwa ajili ya opali, kwa mkono mwepesi, maana msuguano ukizidi joto hurudi kwa mlango wa nyuma.

Mnunuzi ajue kwamba feruzi nyingi iliyo sokoni imeimarishwa: jiwe laini limenyweshwa utomvu wa plastiki ili ligumike. Kwa njumu hilo si kosa, tena linasaidia, mradi muuzaji aseme. Kilicho kosa ni unga wa feruzi uliogandishwa kwa plastiki, au jiwe jeupe lililotiwa rangi, kuuzwa kwa bei ya feruzi ya Sleeping Beauty, mgodi wa Arizona uliofunga uchimbaji wake wa feruzi mwaka 2012. Opali vilevile. Tangu Pierre Gilson aanze kuuza opali ya maabara mwaka 1974, njumu nyingi za bei nafuu zimejazwa hiyo. Ukiitazama kwa lenzi, mabaka yake ya rangi yana mpaka mkali na mpangilio unaofanana na ngozi ya mjusi, na ukiitazama ubavuni rangi imesimama kama nguzo. Opali ya Ethiopia, hasa ya Wollo iliyopatikana mwaka 2008, ni ya asili na inawaka sana, lakini hunywa maji hata ikawa angavu kama kioo kwa muda. Ikinywa gundi, haitapiki. Na anayeuza pete akidai imetengenezwa na Mzuni au Mnavajo ilhali sivyo, anavunja sheria ya Marekani ya mwaka 1990.

Nyumbani, njumu haitaki mengi. Usiifute kwa kitambaa kikavu chenye vumbi, kwa sababu vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, nazo hukwaruza mawe yote mawili. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, uifute mara moja, usiiloweke. Marashi yatangulie, pete ifuate. Na kabla ya kukuna nazi na kukamua tui, ivue uiweke juu ya kabati, kwa maana mafuta ya nazi yakishaingia kwenye feruzi, bluu inageuka kijani kibichi na hairudi.