Skauti shuleni: "kujenga tabia" maana yake nini?

Mwalimu akisema uskauti hujenga tabia, mzazi huwaza mahubiri ya nidhamu na gwaride. Gwaride lipo, lakini tabia yenyewe hutoka kwingine: mtoto hukabidhiwa kazi, na asipoifanya wanaoumia ni wenzake.

Ndiyo maana ya kikosi. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, jenerali wa Uingereza aliyeanzisha uskauti, alipiga kambi kisiwani Brownsea na wavulana 20 hivi, wa shule za kitajiri wakichanganywa na watoto wa kawaida. Aliwagawa vikosi vinne, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao. Mpaka leo kikosi ni watoto sita hadi wanane: huyu sufuria, yule kuni, mwingine kisanduku cha huduma ya kwanza. Wa kiberiti akisahau, jioni ugali haupikwi. Mlezi, yaani mwalimu anayewasimamia skauti, ameliona pengo hilo tangu asubuhi, na kazi yake ni kunyamaza. Hapo ndipo walimu wengi hushindwa. Wanakagua mizigo wenyewe, na mtoto anarudi nyumbani na skafu safi, hajajifunza kitu.

Fundo nalo ni mwalimu mkali. Lile la kufungia bandeji ni kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Likitoka sawa hulala bapa. Ukirudia upande uleule, linateleza. Kamba haijui kama wewe ni mtoto wa mwalimu mkuu.

Wajibu hukua na umri. Kenya huanza na ngazi ya Sungura, halafu Chipukizi, Mwamba, mwisho Jasiri, ambao ni vijana waliokwisha kuvuka umri wa shule. Beji hupatikana kwa kulifanya jambo mbele ya mtu, si kwa kulijibu kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, shule inayogawa beji kama peremende siku ya wazazi ingeliacha tu.

Halafu kuna alama za njia. Anayetangulia huacha mshale wa mawe au vijiti ili wa nyuma asipotee. Duara lenye nukta katikati husomeka "nimekwenda nyumbani". Ukitaka kuliona, nenda Nyeri: limechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell, aliyefariki huko Januari 1941.