Je, wajua? Dawa ni ya titi, mbona nyayo ndizo zinawaka moto?

Mama anatibiwa saratani ya matiti. Anameza vidonge vyake kama alivyoelekezwa, na wiki chache baadaye hawezi kukanyaga sakafu. Nyayo zinawaka na kuvimba, ngozi inachubuka. Vitabu husema zinakuwa nyekundu, lakini kwa sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi zinazidi weusi na kuwa ngumu, ndiyo maana wengi hudhani ni fangasi.

Mfano mzuri ni kapesitabini, kidonge cha saratani ya matiti na ya utumbo mpana. Makali yake huzaliwa ndani ya mwili, pale vimeng'enya (protini zinazoendesha kemia ya mwili) vinapokigeuza. Kimojawapo kimejaa kwenye uvimbe wa saratani, na hapo ndipo dawa inapotakiwa ifanye kazi. Bahati mbaya kipo kwa wingi pia kwenye ngozi ya viganja na nyayo. Ukijumlisha uzito wa mwili na msuguano wa viatu, ngozi ya unyayo inazidiwa.

Kwa hiyo kuloweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, tiba ya kwanza ya nyumba nyingi, hapa inaumiza. Joto huvuta damu zaidi kwenye nyayo. Tumia maji ya baridi kiasi, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, kisha paka mafuta ya mgando au krimu yenye yurea. Jiwe la kusugulia visigino liweke kando. Vaa viatu laini vyenye nafasi, na safari ndefu za miguu ziahirishwe.

Mwaka 2024 watafiti wa India walitangaza matokeo ya wagonjwa 264 waliokuwa wakitumia kapesitabini. Waliopaka jeli ya diklofenaki (dawa ya maumivu) ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, ni asilimia 3.8 tu walioumia vya kutosha kusumbuliwa. Kwa waliopaka jeli isiyo na dawa ilikuwa asilimia 15. Jeli hiyo si kitu kigeni kwenye maduka ya dawa, ila muulize daktari kwanza. Na kwa wanaopenda kujipamba: piko iepukwe kabisa, kwani kemikali yake huweza kuunguza hata ngozi yenye afya.

Kuna tatizo la pili, na watu hulichanganya na hilo. Miguu inakufa ganzi, inachomachoma kama sindano. Lapa linavuka mguuni na mtu anaendelea kutembea bila habari. Hapa kilichoumia ni mishipa ya fahamu. Ile inayofika vidoleni huanzia kiunoni, karibu mita 1, na dawa nyingine za saratani kama paklitakseli hukwamisha nyuzi nyembamba zinazosafirisha mahitaji ndani yake. Mshipa mrefu ndio unaoanza kukosa. Krimu haiufikii. Kwa maumivu yake daktari anaweza kuandika duloksetini, ambayo huwasaidia baadhi. Nyumbani, pima joto la maji kwa kiwiko, usitembee peku, na kila jioni mwombe mtu akutazame nyayo.

Kinachonisikitisha ni wagonjwa wanaonyamaza kwa kuogopa kupunguziwa dozi. Kapesitabini husimamishwa siku chache nyayo zitulie, kisha hurudishwa, pengine kwa kiwango kidogo. Hayo ni matumizi yake ya kawaida, wala si kwamba daktari amekata tamaa. Ganzi nayo ikiachwa ikomae inaweza kubaki hata baada ya matibabu kwisha. Mwambie muuguzi mara tu nyayo zinapoanza kuwasha au kufa ganzi, usingoje kliniki ijayo. Mguu mmoja ukivimba peke yake, au ukipata kidonda pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.