Je, kutetea haki za mwanamke ni kuuacha Uislamu?

Wengi tumekua tukisikia kwamba Uislamu na utetezi wa haki za wanawake havikai pamoja. Anayeshika kimoja ameacha kingine. Wanaoamini hivyo wapo msikitini, na wapo pia miongoni mwa wanaharakati.

Tuangalie mahari. Katika Qur'ani, Surat An-Nisaa, aya ya 4, inaagiza wanawake wapewe mahari yao. Yao, si ya baba wala mjomba. Pwani tuna kilemba cha baba na mkaja wa mama, lakini hizo ni ada za mila wanazopewa wazazi wa bibi harusi, na ni rahisi kuzichanganya na mahari. Aya ya 32 ya sura hiyohiyo inasema wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mke Mwislamu alitambuliwa kuwa mmiliki wa mali yake karne nyingi kabla ya sheria ya Uingereza ya 1882 kumpa mke wa huko haki hiyo kikamilifu.

Hilo halimalizi mjadala. Fungu la binti katika mirathi, ambalo ni nusu ya la kaka yake, na ndoa ya wake wengi bado vinawagawa wasomi, wa kike na wa kiume.

Ukiambiwa "dini imekataza", uliza kwa adabu: ni aya, ni hadithi, ni rai ya wanazuoni wa madhehebu fulani, au ni ada ya ukoo? Kisha fungua tafsiri ya Kiswahili, usome pia aya zilizotangulia na zinazofuata. Binti aliyenyimwa mahari yake anaweza kuanzia hapo.