Chupa ya lita 6, kiporo cha ugali na furu wa chambo

Mvuvi wa ndoano huku Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, huvua mara mbili: kwanza chambo, kisha sangara. Ile ya kwanza ndiyo watu huidharau, halafu alfajiri utawasikia mwaloni wakizunguka na ndoo tupu wakitafuta furu, wale samaki wadogo wa chambo: "Kaka, huna furu hata 20 wa kuniazima?"

Sangara huwinda kinachocheza. Chambo mfu atakila siku ana njaa kali, ila furu anayetapatapa kwenye ndoano anamfuata mwenyewe. Kwa hiyo kazi si kukamata samaki wadogo tu. Kazi ni kuwafikisha kwenye ndoano wakiwa na nguvu, na hiyo huanzia kwenye mtego.

Wengi walizoea kuvuta chambo kwa kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, na wapo wanaoingia majini na vyandarua vya mbu. Kokoro limepigwa marufuku, nami silililii. Linakwangua mazalia na kubeba kila kitu, na nusu ya furu wanafika nchi kavu wamepondeka. Mtego unakaa ulipouweka, na usiyemtaka unamrudisha akiwa mzima.

Babu zetu walisuka migono, mitego ya samaki, kwa fito na matete. Mimi hutumia chupa kubwa ya maji ya lita 6, ile ambayo mdomo wake unapitisha vidole viwili. Nakata begani, pale chupa inapoanza kunyooka. Kichwa nakigeuza, nakitumbukiza mdomo ukielekea ndani, kisha nakishona pembeni kwa uzi wa nyavu kwenye vitundu nilivyotoboa kwa msumari wa moto. Gundi sitaki; ikikaa majini wiki moja inaachia. Mdomo lazima uelee katikati ya chupa, usiguse ukuta. Hapo ndipo siri yote ilipo: furu akishaingia huzunguka akifuata ukuta, na mlango alioingilia anaupita pembeni mara 100 bila kuuona. Mdomo ukilala upande mmoja, atautelezea na kutoka kama alivyoingia.

Halafu matundu. Mtego wangu wa kwanza niliutoboa matundu 6 tu, nikaona yanatosha kuuzamisha. Asubuhi nikakuta furu zaidi ya 30, wote wamegeuza matumbo juu. Maji ya ndani yalikuwa hayabadiliki, hewa ikawaishia. Siku hizi natoboa pande zote, kila baada ya vidole viwili, tundu la unene wa kalamu. Maji yanapita, na harufu ya chakula inatoka kwenda kuwaita wengine.

Chakula cha furu hakina gharama: kiporo cha ugali, donge la ukubwa wa yai, nimelikanda na pumba kidogo ili limeng'enyuke polepole. Ukiweka kingi watashiba na kuchafua maji. Ndani naweka jiwe la kuushikilia mtego chini, kamba naifunga kwenye tete au boya dogo. Furu ni samaki wa mchana, anatumia macho. Natega jua likichomoza, kando ya miamba yenye utando wa kijani au pembeni mwa matete, na baada ya saa moja au mbili nautoa. Kuuacha usiku kucha ni kuwatesa bure.

Ukiwamwaga kwenye ndoo, watazame makoo. Jike aliyevimba chini ya taya amebeba mayai au watoto mdomoni, maana furu wengi wa ziwa hili hulea hivyo. Huyo mrudishe pale pale. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufika 500, na sangara alipotapakaa miaka ya 1980 nyingi zilitoweka. Waliobaki ndio tunaowategea, na mimi sitaki kuwa wa kummalizia sangara kazi.

Kambare wadogo wa chambo ni habari nyingine. Wao hutoka usiku na hufuata pua, si macho, kwa hiyo ugali hauna maana. Weka utumbo wa samaki ndani ya kitambaa kilichofungwa. Tega jioni kwenye maji mafupi yenye matope, na hakikisha sehemu ya juu ya mtego imechungulia nje. Kambare hupanda kuvuta hewa, na ukimzamisha kabisa kwenye maji mazito ya kinamasi utamkuta amekufa, samaki aliyezama majini!

Mtego wa plastiki ukikatika kamba hauozi, unaendelea kukamata na kuua bila mwenyewe. Kwa hiyo upande wa nyuma nimekata kidirisha cha kutolea samaki, nacho nakifunga kwa uzi wa katani, si nailoni. Katani ikioza, kidirisha kinafunguka.

Kwenye ndoo ya lita 20 sizidishi furu 30. Ndoo inakaa kivulini, maji nayapunguza na kuongeza ya ziwani kidogo kidogo, na isiwe ndoo iliyowahi kubeba sabuni au mafuta ya mashine. Kwenye ndoano, furu namtoboa mgongoni chini ya pezi, juujuu, bila kugusa uti. Akiguswa uti anapooza, na chambo kilichopooza ni sawa na kilichokufa.

Kambare hawana makuu, ndoo moja na maji kiasi wanalala hadi kesho. Ila funika kwa kipande cha wavu na ukifunge vizuri. Mwaka jana nilisahau, nikaacha ndoo jikoni. Asubuhi Mama Neema akanipigia kelele kutoka stoo: "Baba Neema, njoo umchukue mgeni wako, yuko nyuma ya gunia la unga!" Alikuwa bado anapumua. Mchana huo huo nikampeleka ziwani.