Oksijeni ya mtungi sio ile ya chemba, jamani

Juzi tena. Baba mmoja muuza dagaa pale Kibirizi, Kigoma, kaamka sikio la kulia halisikii kitu, linavuma tu kama injini ya boti, akaja kwangu siku ya 19. Siku zote hizo alikuwa anadondoshewa mawese ya moto yenye kitunguu saumu, jioni anaenda mahali anavutishwa oksijeni ya mtungi nusu saa, kwa hela, maana katumiwa klipu kwamba China wanatibu uziwi wa ghafla kwa mitishamba na oksijeni.

Wanafanya kweli, sibishi. Lakini oksijeni ile sio hii! Kule unaingizwa kwenye chemba, mgandamizo unapandishwa mpaka atmosfia 2 au 2.5, saa moja na nusu hivi, mara 10 mpaka 20, yaani ni kama umeshushwa mita 10 hadi 15 chini ya ziwa letu hili. Mtu mwenye mapafu mazima hemoglobini yake, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ishajaa karibu yote, asilimia 97 huko, sasa ukimwekea mipira puani si unamimina maji kwenye ndoo iliyojaa? Chemba kazi yake ni nyingine, inalazimisha oksijeni iyeyuke kwenye majimaji yenyewe ya damu ili ifike kwenye koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayonasa sauti, ambayo inalishwa na kamshipa kamoja tu kasiko na msaidizi. Na hata hiyo chemba wanaitumia PAMOJA na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe wa ndani), ndani ya wiki 2 za mwanzo.

Mitishamba sasa. Mmea unaotajwa sana ni ginkgo, unamezwa au unachomwa kwenye mshipa, na ushahidi wake dhaifu. Mawese hayamo. Ngoma ya sikio ikiwa nzima hicho unachodondosha kinaishia mlangoni, kinakuunguza bure, ikiwa imetoboka ndo balaa kabisa.

Ila niseme na hili ambalo sisi wenyewe hatupendi kulisema: theluthi moja mpaka mbili hivi ya hawa wagonjwa usikivu unarudi wenyewe, wote au nusunusu, bila dawa yoyote. Ndo maana kila mganga ana shahidi wake, na mimi ninao wangu. Nimewapa watu predinisoloni, ambayo ni steroidi ya kumeza, wakapona, na moyoni siwezi kuapa kwamba ni mimi, ushahidi wa steroidi nao hauna misuli tunayojifanya unayo. Naiandika hivyo hivyo kwa sababu siku zikipita hazirudi (mwenye kisukari niambie kwanza, sukari itapanda).

Ukiamka sikio moja limekufa, funga mdomo uvumishe mmmm. Sauti ikienda kwenye sikio bovu, huenda ni nta tu. Ikienda kwenye zima, njoo leo leo, usisubiri Jumatatu.

Yule baba nimempa rufaa akachomwe steroidi kupitia ngoma ya sikio, mpaka wiki ya 6 huwa bado tunajaribu. Akachukua karatasi, akafika mlangoni, akageuka: "Dokta, huku nasubiri treni, ule mtungi niendelee nao?"